Foili Uliyoikunja Kabatini: Irudi Jikoni au Isirudi?

Siku hizi ni nadra sherehe kupita mkoani kwetu Mara bila foili. Iwe ni harusi Musoma mjini, kipaimara Bunda au ugeni wa tarehe 14 Oktoba kule Butiama, wali, nyama na ndizi hufunikwa kwa karatasi ile inayong'aa. Sherehe ikiisha, akina mama wa kamati ya chakula hubaki na kazi ambayo wageni hawaioni. Huzikusanya foili, huzikung'uta, huzikunja na kugawana. Sina neno na kugawana huko. Rola moja ni fedha, na mama aliyezoea kuhesabu shilingi ya nyumba hawezi kukitupa kirahisi kitu kilichotumika kwa saa mbili tu. Hata Bwana wetu, baada ya kuwalisha watu elfu tano, aliagiza mabaki yakusanywe, na vikapu 12 vikajaa.

Lakini vikapu vile vilikuwa vya mkate. Foili inabeba mambo mengine, na nimeulizwa mara nyingi na akina mama wa vikundi vyetu kanisani: je, ni salama kuitumia tena? Wengine wamesikia kwamba inaleta kansa, wengine kwamba inaleta kusahau, na wengine hawajasikia lolote, nao huifungia samaki mbichi leo na chapati za watoto kesho. Hao wa mwisho ndio wanaonitia hofu zaidi.

Tuanze na foili yenyewe. Ni alumini, madini yale yale ya sufuria zetu nyingi, iliyobanwa baina ya magurudumu ya chuma mpaka ikawa nyembamba kuliko unywele. Katika kubanwa kwa mara ya mwisho, karatasi mbili hupitishwa pamoja zikiwa zimelaliana. Upande uliogusa gurudumu hutoka unang'aa, na ule uliogusa karatasi mwenzake hutoka umefifia. Basi, ile hoja ya kwamba upande mmoja ni wa chakula na mwingine una sumu, tuiache. Tumia wowote.

Alumini ina ngozi yake nyembamba sana inayoilinda, ambayo macho hayaioni. Ngozi hiyo ina maadui watatu, na wote wamo jikoni mwetu. Wa kwanza ni uchachu: ndimu, nyanya, ukwaju, siki na mtindi. Wa pili ni chumvi. Wa tatu husahaulika, naye ni magadi tunayotia kwenye mlenda na maharage. Mama aliyewahi kupika mboga ya magadi katika sufuria ya alumini anajua jinsi inavyobadilika rangi kwa ndani na kuwa nyeusi. Ile ni dalili kwamba madini yameguswa.

Sasa mtazame sato wetu wa ziwani. Tunamnunua Mwigobero akiwa bado mbichi kabisa, tunamchanja, tunampaka chumvi na ndimu, tunamjaza nyanya na vitunguu, kisha tunamfunga ndani ya foili na kumweka juu ya mkaa. Chumvi ipo, uchachu upo, na moto ambao huharakisha mambo upo. Samaki huyo atakula alumini zaidi kuliko chapati iliyofunikwa tu. Dawa yake tunayo tangu enzi za bibi zetu: jani la mgomba. Lipitishe juu ya moto hadi lilegee lisipasuke, mfunge samaki ndani yake kwanza, kisha foili ije juu kwa nje. Harufu yake inakuwa nzuri zaidi, na foili yenyewe inatoka safi. Asiye na mgomba amwoke samaki kwa foili lakini ndimu na chumvi avitie mwishoni, mezani.

Kuna jambo jingine linalowashangaza akina mama. Umefunika mchuzi wa nyanya kwenye sinia la chuma kisichoshika kutu, foili ikagusa mchuzi, ukaacha mpaka asubuhi. Unapofunua unakuta foili ina vitundu vidogo vidogo kama imedonolewa. Si panya. Madini mawili tofauti yakigusana na katikati yao pakawa na chumvi na uchachu, hufanya kazi mithili ya betri ya tochi, na alumini ndiyo inayoliwa. Yale madini yaliyotoka kwenye vitundu yapo ndani ya mchuzi. Foili ya namna hiyo haina maisha ya pili, na sehemu ya mchuzi iliyoguswa ing'olewe kwa kijiko itupwe.

Je, ni sumu ya kuua? La hasha. Nisiwatie watu hofu isiyo na kichwa. Alumini imo katika udongo na maji, hata katika majani ya chai, na kiasi kikubwa cha tunachomeza hutoka na choo. Kile kidogo kinachoingia mwilini huondolewa na figo. Mwaka 2011 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo ilitaja kiwango kinachovumilika: miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kwa wiki. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 120. Mtoto wa kilo 12 ana nafasi ya 24 tu. Hapo unaona kwa nini nasisitiza watoto. Hali chakula kingi kama baba yake, lakini nafasi yake ni ndogo na chombo kinachotumika ni kile kile.

Mtu mwingine wa kuangaliwa ni mwenye ugonjwa wa figo. Miaka ya 1970 huko Ulaya na Marekani, wagonjwa waliosafishwa damu kwa mashine waliharibika ubongo, na ikabainika kuwa maji ya mashine yalikuwa na alumini. Figo zao hazikuweza kuitoa. Kwa hiyo, kama nyumbani una mgonjwa wa namna hiyo, chakula chake cha uchachu kisiguse foili, wala asimeze ovyo vidonge vya kutuliza kiungulia bila kumwuliza daktari, kwa maana baadhi yake vina alumini makumi ya miligramu katika kidonge kimoja. Ama kuhusu ule ugonjwa wa uzeeni wa kupoteza kumbukumbu, uhusiano wake na alumini ulishukiwa tangu miaka ya 1960, lakini haujathibitishwa.

Nikiulizwa kama muuguzi ni lipi linalowalaza watoto wetu haraka zaidi, sitataja alumini. Nitataja vijidudu. Foili ina mikunjo, na kila mkunjo ni kiota. Ile iliyofunga nyama mbichi, kuku mbichi au samaki mbichi imebeba damu na maji yake ndani ya mikunjo hiyo, na kuipangusa kwa kitambaa hakusaidii kitu. Mwingine ataniambia, "Dada, mimi naiosha kwa maji ya moto." Hongera, lakini hata ukiisugua huwezi kufika ndani ya mkunjo bila kuichana. Iliyogusa kibichi itupwe siku ile ile. Hili sina mjadala nalo. Mtoto wa mwaka mmoja akiharisha usiku kucha, asubuhi hana maji mwilini, na nauli ya kumfikisha hospitali inazidi bei ya rola nzima.

Kuna hatari nyingine isiyojulikana sana kwetu. Mwaka 1994 katika mji wa El Paso, Marekani, watu 30 waliugua kwa kula chakula cha mgahawa mmoja. Chanzo kilikuwa viazi vilivyookwa ndani ya foili na kisha kuachwa vimefungwa hivyo hivyo, bila baridi, kwa siku kadhaa. Udongo una mbegu za kijidudu kinachopenda mahali pasipo na hewa. Moto wa kuoka hauziui zote, na foili iliyobana huzinyima hewa, nazo zikapata walichotaka wao: joto la wastani, unyevu na muda. Sumu inayotokea hapo hulegeza misuli, kuanzia macho na koo hadi kupumua. Sasa nawafikiria akina mama tunaooka viazi, tukavifunga ndani ya foili kwa safari ya kesho ya kwenda Mwanza. Vifungue vikiwa vya moto, vile siku hiyo hiyo, au viwekwe kwenye friji vikiwa wazi.

Basi ni ipi inayorudi jikoni? Ni ile iliyofunika kikavu: mkate, keki, maandazi, chapati, au iliyofunika sufuria ya wali bila kugusa wali. Itandaze juu ya meza, ioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa laini au dodoki. Usiguse waya wa kusugulia, usitie jivu wala mchanga, wala usiiloweke kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa sababu vyote hivyo huivua ngozi yake. Ianike juani kwenye kichanja mpaka ikauke kabisa, kisha izungushe kwenye kijiti au kwenye boksi la rola yake badala ya kuikunja mara nane. Ikichanika au ikishika harufu ya mafuta ya jana, imekwisha. Mimi siendi zaidi ya mara mbili au tatu.

Tahadhari moja zaidi: si kila kinachong'aa ni foili. Mifuko ya krispi na biskuti ni plastiki iliyopakwa mng'ao. Ifinyange mkononi kisha iachie. Foili hubaki imefinyangika, plastiki hurudi ikajitandaza. Hiyo ya pili isikaribie moto wala chakula cha moto, na hata ile mifuko ya nailoni ambayo wengine bado huifunikia wali juu ya mvuke ni vivyo hivyo. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara, lakini jikoni bado naikuta.

Foili iliyochakaa isichomwe na takataka, haiungui ikaisha. Pangusa chakula, ziviringe pamoja ziwe donge kubwa, uwape wanunuzi wa vyuma chakavu. Na hapo nataka tuseme jambo ambalo ni zito kuliko foili yenyewe, kwa kuwa vyuma hivyo chakavu vingine hurudi kwetu vikiwa sufuria.

Nazungumzia zile sufuria nzito zinazomiminwa na mafundi kwa kuyeyusha kila walichopata: vipande vya injini, redieta, makopo. Pamoja na alumini huingia madini ya risasi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania ikiwamo, na zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huingia ubongoni, hupunguza akili na uwezo wa kusoma, na kilichopotea hakirudi. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Haina ladha, haina harufu, na sufuria yenye risasi huwezi kuitambua kwa macho.

Kwa hiyo unapokwenda gulioni Bunda au Kiabakari, mwulize muuzaji sufuria hiyo ilitoka kiwandani au kwa fundi, na iliyeyushwa kutokana na nini. Kama unayo tayari nyumbani, ifanye ya maji ya kuogea. Kama ndiyo pekee uliyo nayo na mfuko hauruhusu kununua nyingine mwezi huu, usipikie ndani yake nyanya wala ukwaju, usilaze chakula humo, usiisugue kwa mchanga hadi ing'ae, na mtindi ubaki kwenye kibuyu au chupa. Fedha ikipatikana, sufuria ya kwanza kubadilishwa iwe ile ndogo ya uji wa mtoto.