Kaktasi za Lubumbashi: kinachoziua ni maji

Mwenye kaktasi kwenye baraza yake Lubumbashi huwa na hofu ya kiu. Julai inapofika, vumbi limetanda, anauonea huruma mmea na kuumiminia kikombe cha maji. Kikombe hicho ndicho kinachouua. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Wakati huo mmea umelala, mizizi hainywi, na udongo baridi uliolowa huuozesha kuanzia chini. Unaweza kumaliza mwezi mzima bila tone, wala usiwe na wasiwasi.

Mtihani mwingine ni mvua, ambazo hukolea kuanzia Novemba hadi Machi. Ndio msimu wa mmea kukua, lakini maji yanayoanguka yanazidi mahitaji yake. Sogeza vyungu chini ya paa, mahali ambapo jua la asubuhi bado linafika. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti mpaka chini: kikitoka na udongo, subiri.

Udongo mwekundu wa parseli zetu ukilowa hunata, ukikauka huwa mgumu. Wapo wanaotafuta udongo wa kichuguu, kwa hoja kwamba huko porini mishubiri na euforbia huota juu ya vichuguu. Ni kweli huota, ila kichuguu kina mteremko mkali na mvua hukimbia kabla haijazama. Udongo huohuo ndio ambao watu huutumia kufyatua matofali. Ukiutia kwenye chungu hushika maji. Mimi nachukua mchanga wa mtoni wenye punje kubwa, nusu nzima, kisha changarawe, makaa yaliyopondwa na mbolea kidogo iliyooza vizuri. Mkebe au bidoni iliyokatwa hufaa kama chungu cha dukani, mradi itobolewe chini. Mchanga wa mabaki ya migodi usiuguse, una madini yenye sumu.

Shina likilainika na kugeuka kahawia karibu na udongo, usingoje. Kata juu ya uozo kwa kisu safi, endelea kukata mpaka nyama ya ndani iwe safi kabisa, bila hata doa. Kiache kipande kivulini kama wiki moja, kidonda kikauke, ndipo ukipande.

Tahadhari moja: mmea mrefu wenye miiba unaoitwa kaktasi mitaani mara nyingi ni euforbia. Kaktasi halisi asili yake ni Amerika, isipokuwa aina moja isiyo na miiba mikali inayoota pia kwenye misitu ya Afrika. Kwangu tofauti kubwa ni utomvu: euforbia hutoa maziwa meupe yanayounguza macho. Ikatie mbali na watoto.

Katanga, eneo ulipo mji wetu, ina euforbia zake pia. Euphorbia cupricola huota kwenye vilima vya shaba vya eneo hili, na vilima hivyo ndivyo vinavyochimbwa na migodi. Ukiikuta, iache ilipo. Kwa bustani ya nyumbani, omba chipukizi la mshubiri kwa jirani. Mshubiri uliokomaa huzaa machipukizi mengi, na jirani hatakunyima.