Jinsi ya Kufunga Mzigo Mwepesi wa Python

Kila mwanafunzi wa bweni anajua kufunga sanduku. Mwenye busara huchukua sare, shuka, madaftari na sabuni. Mwingine hutaka kuhamisha nyumba nzima. Mambo ya kompyuta nayo yako hivyo hivyo, nami nataka kuwaeleza wasomaji wa jarida letu namna mafundi wanavyofunga mzigo wa Python.

Python ni lugha ya kuipa kompyuta maagizo. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Programu iliyoandikwa kwa Python haiwezi kwenda peke yake. Yamhitaji mkalimani wa lugha hiyo, pamoja na mafaili ya kumsaidia. Vitu hivi vikifungwa pamoja huitwa taswira. Tangu mwaka 2013 mafundi wengi hutumia Docker kwa kazi hiyo, ili programu ifanye kazi sawasawa katika kompyuta yoyote iliyo na Docker.

Tatizo ni uzito. Taswira ya kawaida ya Python, ikifunguliwa, hufikia karibu megabaiti 1,000. Ile iitwayo slim ni kati ya 100 na 200. Ile iliyojengwa juu ya Alpine, aina ndogo sana ya Linux, ni kama 50 tu. Sababu ni kwamba taswira kubwa imebeba kompaila na zana nyingi za ujenzi ambazo programu iliyokwisha kutengenezwa haizigusi.

Basi, ziko njia tatu za kuupunguza mzigo. Kwanza, fundi huanza na msingi mdogo, akaongeza kinachohitajika tu.

Pili, hutenga ujenzi na matumizi. Katika taswira ya kwanza huweka zana zote na kutengeneza programu. Kisha hunakili matunda ya kazi katika taswira ya pili na kuiacha ile ya kwanza. Docker ilianza kuruhusu jambo hili katika mpango mmoja mwaka 2017. Mwashi naye akimaliza nyumba huondoa jukwaa. Hakuna ahamiaye pamoja nalo.

Tatu, hufuta takataka mapema. Taswira hujengwa kwa matabaka. Faili likiwekwa katika tabaka moja na kufutwa katika tabaka la juu yake, halionekani tena, lakini uzito wake umebaki chini. Sharti lifutwe katika hatua ile ile.

Hata hivyo, wepesi nao una gharama. Alpine hutumia maktaba ya msingi iitwayo musl, si glibc ya Linux nyingi. Kwa hiyo baadhi ya maktaba za Python zilizotengenezwa tayari hazikubali humo. Hubidi kuzijenga upya, na fundi hurudia zana alizozikimbia. Mara nyingi slim hufaa zaidi.

Wazazi watauliza, faida ni nini? Kwa mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde, kupakua megabaiti 100 huchukua zaidi ya dakika 13, na shule inayonunua intaneti kwa vifurushi hulipia kila megabaiti. Tena, nyumba yenye milango michache hulindwa kwa urahisi: kila programu isiyo ya lazima yaweza kuwa na kasoro ya kumpitishia mwizi.

Wanafunzi wenzangu, tujifunze kujenga, na pia tujue cha kuacha.