Bakuli la Peke Yake

Mahenge ipo juu ya milima ya wilaya ya Ulanga, kusini mwa mkoa wa Morogoro. Kabla daraja la mto Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018, anayetoka Ifakara alivuka kwa kivuko, na mgonjwa mahututi alivuka kwa kivuko hicho hicho akisubiri zamu. Ukifika mjini, safari bado: Mdindo, Msogezi, Mzelezi na Sali ziko mbele, kwa njia za mlimani ambazo masika huzikata. Huko kifafa kinajulikana karibu katika kila ukoo. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika katika vijiji vya Ulanga na kuchapishwa mwaka 1992 ulikuta watu 207 wenye kifafa miongoni mwa wakazi 18,183, yaani zaidi ya mmoja katika kila mia. Baadhi ya vijiji vilivyochunguzwa baadaye vilikuwa na hali mbaya kuliko hiyo.

Ugonjwa huu uliandikwa kwa kina na Louise Jilek-Aall, daktari kijana kutoka Norway. Mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, alianzisha kliniki ya kifafa kwenye misheni ya Kwiro, kando ya mji wa Mahenge. Wenyeji walimwita Mama Daktari. Alichokuta kwa wagonjwa wake ni makovu: nyuso, mikono na miguu iliyoungua kwa kuangukia mafiga, moto ukiwaka. Iliaminika kwamba mate na povu la mtu anayeanguka vinaambukiza, kwa hiyo hata ndugu waliogopa kumgusa. Aliyeangukia moto aliweza kuachwa mpaka atulie, mguu ukiwa kwenye makaa.

Nyumbani mgonjwa alikuwa na bakuli lake la peke yake. Alikula pembeni, na wengine walilala kwenye kibanda kilichojitenga na nyumba. Shule hakupelekwa, na posa haikuja. Mtazame mtu wa namna hiyo akishafika miaka 25. Haongei, macho yako chini, na kijiji kinasema akili zake zimekwisha. Kiasi gani cha hayo kimeletwa na kifafa, na kiasi gani kimeletwa na miaka ya kula peke yake, sijui kipimo cha hospitali kinachoweza kutenganisha.

Ndiyo maana naanzia hapa kuzungumzia afya ya akili ya watu walio mbali na miji. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na daktari atakuambia hivyo. Lakini katika hospitali zetu nyingi za wilaya mwenye kifafa huelekezwa kliniki ya afya ya akili, chumba kile kile cha mwenye sonona na mwenye kusikia sauti. Mpangilio huo umetokana na uhaba wa wataalamu, lakini una ukweli ndani yake: wote watatu wanaumwa mara mbili, kwanza ugonjwa wenyewe, halafu namna wanavyotazamwa.

Dawa aliyotumia Jilek-Aall ilikuwa fenobabitoni, kidonge cha zamani na cha bei ndogo. Ilifanya kazi. Kwa wagonjwa wengi kuanguka kulikoma au kulipungua sana, na mtu aliyekaa mwaka bila kuanguka alianza kutumwa shambani, halafu kuitwa kwenye mlo. Ushahidi wa macho ulibadilisha wanakijiji kuliko mahubiri yoyote ya kwamba kifafa hakiambukizi. Hilo naliamini hata leo, ninapoona fedha nyingi za kampeni dhidi ya unyanyapaa zikiishia kwenye fulana na mabango. Jirani huacha kuogopa akimwona mgonjwa amepona, na mgonjwa hapati nafuu kama zahanati haina dawa.

Hapo ndipo penye uchungu. Fenobabitoni hainywewi kama dawa ya malaria, siku tatu ukamaliza. Ni ya kila siku kwa miaka, na ikikatika ghafla mwili hulipiza: mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka hadi afe. Kwa hiyo ghala likikauka kwa wiki mbili, hali ya mgonjwa inaweza kuwa mbaya kuliko kabla hajaanza tiba. Na dawa yenyewe iko kwenye orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa, chini ya mkataba wa mwaka 1971, jambo linaloongeza vibali na karatasi katika kuiagiza. Mkataba ule ulilenga kuzuia watu wasiitumie vibaya. Anayekijua kijiji cha mlimani anaelewa mzigo wa karatasi hizo unamwangukia nani.

Jilek-Aall aliondoka, kama wageni wanavyoondoka, ingawa yeye aliendelea kurudi. Mwaka 1992, pamoja na daktari Mtanzania Henry Rwiza, alichapisha taarifa ya wagonjwa 164 wa kliniki ile waliofuatiliwa miaka 30. Wengi wao walikuwa wameshafariki, na vifo vingi vilihusiana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo, kuzama majini, kuungua. Naisoma taarifa hiyo kama hesabu ya siku ambazo kidonge hakikuwepo, na kama ushahidi kwamba kliniki iliishi kwa sababu ya wauguzi waliobaki pale, wakihesabu vidonge na kuandika kadi. Historia humtaja aliyefungua mlango. Waliouacha wazi kwa miongo sita hawatajwi, na mimi nawapa heshima kubwa zaidi.

Maisha ya daktari huyu yana sehemu ya pili ambayo Waswahili wachache wanaijua. Katikati ya miaka ya 1960 yeye na mumewe Wolfgang Jilek, naye daktari wa magonjwa ya akili, walihamia bonde la mto Fraser, British Columbia, magharibi mwa Kanada. Wagonjwa wao wengi walikuwa wa jamii za asili za Coast Salish. Walikuja vijana wenye huzuni nzito, waliozama kwenye pombe, wengine waliojaribu kujiua. Hapa hapakuwa na kifafa cha kulaumiwa. Kilichowapata kilikuwa na tarehe na kifungu cha sheria.

Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1885 serikali ya Kanada ilipiga marufuku karamu za kugawa mali za watu wa pwani ya British Columbia, pamoja na ngoma zao za majira ya baridi. Marufuku ilidumu hadi 1951. Wakati huo huo watoto walichukuliwa kupelekwa shule za bweni, nyingi za makanisa, ambako kusema lugha ya nyumbani kuliadhibiwa. Zaidi ya watoto 150,000 walipita katika shule hizo nchini Kanada, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Mtoto aliyetoka humo akiwa na miaka 16 alirudi kwa bibi asiyeweza kuzungumza naye.

Ngoma za majira ya baridi zilipofufuka miaka ya 1960, wazee wa Salish walianza kuwaingiza vijana hao. Kijana alitengwa ndani ya nyumba ndefu ya mbao kwa siku kadhaa, akizungukwa na waangalizi, ngoma na nyimbo, hadi atoke na wimbo wake mwenyewe na nafasi yake kati ya wacheza ngoma. Wolfgang Jilek aliandika vitabu kuhusu hayo. Kama daktari, aliona kwamba baadhi ya watu walioshindikana kliniki walipata nafuu huko, na akashirikiana na wazee badala ya kushindana nao. Kwa daktari wa miaka ile haikuwa hatua ndogo, maana wenzake wengi walimwona mganga wa jadi kama mtu mwenye wazimu aliyepewa madaraka.

Mtu angeweza kutoka na hitimisho la haraka hapa, na wengi hutoka nalo: rudisheni mila, mtapona. Mahenge inalikataa hitimisho hilo. Kule mila ilikuwa sehemu ya ugonjwa. Ilimtenga mwenye kifafa, ikamnyima mikono ya kumtoa motoni, na hakuna wimbo ungefanya kazi ya fenobabitoni. Bonde la Fraser nalo linakataa hitimisho la upande wa pili, kwamba watu wa mbali wanakosa vidonge na wataalamu tu. Vijana wale walikuwa na hospitali jirani na barabara ya lami. Walichonyang'anywa ni watu wa kuwa nao. Kule Ulanga mtu alitengwa na watu wake kwa hofu, kule Kanada watu wazima walitenganishwa na watoto wao kwa sheria, na daktari anayeingia na jibu moja mfukoni atawadhuru wa upande mmoja.

Nani basi ajue kilichovunjika? Utafiti ninaourudia mara kwa mara ni wa Michael Chandler na Christopher Lalonde, uliochapishwa 1998. Walichunguza vifo vya vijana waliojiua katika jamii za asili karibu 200 za British Columbia, kati ya 1987 na 1992. Magazeti yalizoea kuandika kana kwamba kujiua ni balaa la jamii za asili zote. Walikuta zaidi ya nusu ya jamii hizo hazikuwa na kijana hata mmoja aliyejiua kwa miaka yote hiyo, huku nyingine chache zikizika mara nyingi kupita kiasi. Wakauliza tofauti iko wapi. Wakaangalia mambo sita, miongoni mwao kama jamii inadai ardhi yake, ina utawala wake, na inasimamia yenyewe shule na huduma za afya. Palipokuwa na yote sita, hakuna kijana aliyejiua. Palipokosa yote, vifo vilikuwa vingi mno. Baadaye, mwaka 2007, waliongeza lugha: jamii ambazo watu wake wengi bado walizungumza lugha yao zilikuwa na vifo vichache au hazikuwa na kifo kabisa.

Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba kumiliki zahanati kunamzuia kijana kujiua. Inawezekana jamii yenye nguvu ya kudai zahanati ilikuwa na nguvu hizo kabla. Lakini kwa mtunga sera tofauti hiyo haipunguzi uzito wa jambo. Oktoba 2013 huduma za afya za jamii za asili za British Columbia zilitoka mikononi mwa serikali ya shirikisho na kukabidhiwa kwa mamlaka inayoongozwa na jamii hizo zenyewe, ikiwa na bajeti. Matatizo hayakuisha. Kwingineko Kanada, Aprili 2016, jamii ya Wakri ya Attawapiskat, kaskazini mwa Ontario, yenye watu wapatao 2,000, ilitangaza hali ya dharura baada ya watu 11 kujaribu kujiua usiku mmoja. Wataalamu wa dharura walisafirishwa kwenda huko kwa ndege. Wataalamu wanaoletwa kwa ndege huondoka kwa ndege, na mtoto aliyewaeleza siri yake hubaki akijua kwamba mtu wa pili atamwanzishia maswali upya.

Kwetu hatuhitaji kwenda Kanada kuona uwezo wa watu wa mahali. Jilek-Aall aliwahi kuandika kuhusu watoto wa Mahenge wanaosinzia kichwa, kinachoshuka na kupanda chenyewe, mara nyingi wakati wa kula. Miongo kadhaa baadaye ugonjwa huo uliwashtua watafiti kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Kitgum na Pader, na Sudan Kusini. Sasa ushahidi mwingi unauhusisha na usubi, ugonjwa wa minyoo inayosambazwa na inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi. Uganda iligawa ivermektini, dawa ya minyoo hiyo, mara mbili kwa mwaka na kuua viluwiluwi vya inzi mtoni, na kuanzia takriban 2012 wagonjwa wapya wa kusinzia kichwa karibu hawaonekani tena. Mahenge dawa hiyo imegawiwa tangu miaka ya 1990, na wanaoigawa ni wanakijiji waliochaguliwa na wanakijiji wenzao. Wanajua nani amelala shambani kulinda mpunga, nani anaogopa kuvimba uso akimeza, nani ameficha mtoto ndani.

Mtu anayejua nani ameficha mtoto ndani ndiye wa kupewa kazi ya pili: kumfikishia mgonjwa fenobabitoni ya miezi miwili, kuandika siku alizoanguka, kutoa taarifa mapema akiba inapopungua. Alipwe, maana kazi ya kujitolea isiyo na mwisho huchosha hata mwenye moyo. Mganga wa zahanati ya Sali awe na mamlaka ya kuagiza dawa hizo kwa takwimu zake mwenyewe, asisubiri makadirio yaliyofanywa mjini. Na kamati ya afya ya kijiji, ambayo kwa utaratibu wetu inatakiwa kuwepo tayari, ipewe orodha ya wenye kifafa na wenye maradhi ya akili kwa idhini yao, iulizwe kila robo mwaka wangapi wamekosa dawa na kwa siku ngapi. Jibu liandikwe kwenye taarifa ile ile inayokwenda halmashauri kuhusu chanjo na vifo vya wajawazito.