Mbwa Mzee Naye Anahitaji Kwao

Mtu akitaja habari za mbwa katika kikundi cha akina mama, wengi hucheka. Husema hayo ni mambo ya watu wenye pesa na bustani kubwa. Lakini ni nani kati yetu ambaye hajaamka usiku kwa sababu mbwa alibweka, kisha akamshukuru Mungu kwamba alibweka? Nyumba nyingi za mitaa yetu hulindwa na mbwa. Wengi wao hulala nje mvua ikinyesha, hula makombo kama yapo, na wakizeeka hufukuzwa. Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya hao waliozeeka, kwa maana tumeona kwamba mbwa mzee asiye na kwao aweza kuifaa sana familia inayomchagua kwa busara.

WANATOKA WAPI?

Katika mji kama Nairobi, mbwa mzee huachwa kwa njia nyingi. Familia imehama nyumba yenye ua na kwenda kukaa gorofani, na mwenye nyumba hataki mbwa. Au tajiri wake amehamia ng'ambo. Au mzee aliyekuwa akimlisha amefariki, watoto wamekuja kuzika, kisha wamerudi makwao na kuacha lango wazi. Mnyama aliyelinda boma kwa miaka minane hujikuta jalalani akigombania mifupa na mbwa koko.

Wachache wenye bahati hupelekwa kwenye vituo vya kuhifadhi wanyama. Kilicho maarufu zaidi Kenya ni cha chama kinachojulikana kama KSPCA, kilichoanzishwa mwaka 1910, ambacho makao yake yako Nairobi. Huko watu huenda kutafuta mbwa wa kumlea. Lakini kila kituo, hapa na hata nchi za mbali, kina shida moja: wageni huja na watoto wao, na watoto hukimbilia walipo mbwa wadogo. Mbwa mwenye mvi mdomoni huinua kichwa, hutikisa mkia kidogo, kisha hulala tena. Mwezi hupita, na mwingine. Chakula na dawa ni pesa, na nafasi ni chache. Pale ambapo kituo kimejaa na fedha hazipo, wa kwanza kufikiriwa kupigwa sindano ya mwisho ni huyo mzee.

MAMA MMOJA NA SIMBA

Sisi wa kamati ya kutembelea wazee katika kanisa letu, tena baadhi yetu wauguzi, tulilijua jambo hili kwa sababu ya mama mmoja mjane. Ni mwalimu mstaafu, umri wake umepita miaka sabini, na huishi peke yake. Wezi walikuwa wameingia kwenye banda lake la kuku mara mbili. Wanawe walitaka kumnunulia mtoto wa mbwa wa aina ya Kijerumani.

Nia yao ilikuwa njema, lakini tulikuwa na hofu. Mtoto wa mbwa wa aina hiyo akifika miezi sita ana nguvu nyingi na akili bado ni za kitoto. Huruka, huvuta kamba, hupita katikati ya miguu. Sisi tumewauguza wazee waliovunjika nyonga kwa kuanguka tu mlangoni. Wako ambao hawakutembea tena. Basi tuliwauliza vijana wale: je, mnampelekea mama ulinzi, au mnampelekea ajali?

Ndipo tukafuatana naye hadi kituo kimoja. Mtunzaji alituonyesha mbwa wa rangi ya kahawia aitwaye Simba, ambaye kwa meno yake alikadiriwa kuwa na miaka tisa. Alikuwa amekaa pale miezi minane. Mtunzaji hakutuficha kitu. Alisema Simba ana maumivu ya viungo na hupewa vidonge, hapatani na paka, na hajawahi kumng'ata mtu. Mama alimtazama kwa muda, kisha akasema, "Mimi na yeye, ni nani atakayemzika mwenzake?"

Hatukucheka, kwa kuwa hilo ndilo swali lenyewe. Tuliketi tukalijibu kabla mbwa hajatoka pale. Jirani mmoja ambaye ni mshirika wetu aliandika na kutia sahihi kwamba mama akilazwa au akiitwa na Bwana, Simba atahamia kwake. Wanawe waliahidi kulipa daktari wa mifugo. Kituo kiliafiki.

Wiki ya kwanza Simba alijificha nyuma ya tangi la maji na kula kidogo sana. Mama alianza kusema kwamba tumempa mgonjwa. Tulimsihi avumilie. Katika wiki ya tatu alibweka usiku karibu na ua, taa zikawashwa, na asubuhi kuku wote walikuwapo. Baada ya hapo walionekana kila asubuhi wakitembea pole pole hadi barabarani na kurudi. Mama alikuwa na fimbo yake, na mbwa hakuvuta kamba.

Mwaka wa pili mama alilazwa wiki tatu kwa nimonia. Ile karatasi ikafanya kazi yake: jirani alikuja siku hiyo hiyo akamchukua Simba. Kitandani mama hakutuuliza habari za nyumba. Aliuliza kama mbwa anapewa vidonge vyake.

Simba aliishi naye miaka miwili na miezi minne. Figo zake zilipochoka, daktari alimpumzisha kwa sindano huku mama akimshika kichwa. Wako waliosema ni aibu mkristo kumlilia mbwa. Sisi hatukuona aibu yoyote. Hajachukua mwingine. Anasema bado.

FAIDA NA MZIGO WAKE

Kwa kawaida mbwa huhesabiwa kuwa anaelekea uzeeni akifika kama miaka saba. Walio wakubwa wa mwili huzeeka mapema kuliko wadogo. Faida ya mbwa wa namna hii ni kwamba hakuna kubahatisha: ukubwa wake umekwisha kuonekana, na tabia yake yajulikana na wanaomtunza. Wengi wamekwisha kuzoea watu, hawatafuni viatu, na hulala sehemu kubwa ya mchana. Wahenga walisema utu uzima dawa.

Mzigo wake nao tuuseme wazi. Meno huoza, viungo huuma, macho hufifia, na huenda akahitaji daktari mara kwa mara. Tena hamtakaa naye miaka mingi. Kabla ya kumchukua, familia ijiulize:

1. Je, ada za shule na chakula cha nyumbani vimetoshelezwa? Kama sivyo, ngojeni. Mungu hakutudai tumlishe mbwa kwa sahani ya mtoto.

2. Ni nani atakayemlisha kila siku, na nani atamchukua tukisafiri au tukiugua? Jina la mtu huyo liandikwe.

3. Je, amechanjwa, amepewa dawa ya minyoo, na amehasiwa au kufungwa kizazi? Ombeni cheti.

4. Watoto wamekutana naye mara ngapi? Mwendeeni zaidi ya mara moja.

Akifika nyumbani, mpeni mahali pakavu pa kulala na maji safi, na msimwite kila saa. Wanaohifadhi mbwa husema siku tatu za kwanza ni za hofu, wiki tatu ni za kujifunza desturi ya nyumba, na miezi mitatu ndiyo ya kujiona yuko kwao. Wafundisheni watoto wasimguse anapokula au anapolala. Mbwa mzee asiyesikia vizuri aweza kung'ata kwa kushtuka tu.

NENO LA WAUGUZI

Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa, na mbwa ndio huleta takriban asilimia 99 ya visa vya binadamu. Mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na njia kuu ni kuwachanja mbwa. Kwa hiyo mbwa mzee naye achanjwe kila mara kama daktari anavyoagiza. Mtu aking'atwa, oshani jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbieni hospitali kupata chanjo. Msipake mafuta wala majivu, wala msingoje kuona kama mbwa ataugua.

Msimpe matumbo na mapafu mabichi ya mbuzi au kondoo. Humo hutoka tegu ambaye mayai yake, mtu akiyameza, huleta uvimbe wa maji katika ini na mapafu. Ndugu zetu wa Turkana wameteswa sana na ugonjwa huo.

Tena msimpe mbwa dawa zenu za maumivu. Ibuprofeni yaweza kumwua. Vitunguu, chokoleti na zabibu pia ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikamchoma tumboni.

JE, HILI NI JAMBO LA KIROHO?

Wengine watatuuliza, mbona tunasema juu ya mbwa na yatima wapo? Swali ni la haki, na yatima ni wa kwanza. Lakini Mithali 12:10 hufundisha kwamba mtu mwadilifu huangalia uhai wa mnyama wake. Torati nayo iliamuru punda aliyelemewa na mzigo asaidiwe, hata akiwa ni wa adui. Mtoto anayemwona mama yake akimfukuza mnyama kwa sababu amezeeka hujifunza somo, na siku moja mama huyo atakuwa mzee.

Basi dada, ikiwa nyumba yako ina ua, ina chakula, na ina moyo, usiende kituoni ukiangalia walio wadogo tu. Pita hadi kwenye banda la mwisho. Uliza jina la yule aliyelala. Kama huwezi kumchukua, beba gunia kuukuu la kulalia au unga wa kumpikia. Na wewe ambaye mbwa wako anazeeka sasa hivi nyuma ya nyumba, huna haja ya kwenda kituo chochote: mwongezee maji, mtazame meno, na usimfungulie lango aende zake.

Bwana awape hekima katika malezi ya nyumba zenu.