Kazi ya Mafuta: Uliza Mafunzo Kabla ya Mshahara

Kijana wa familia anapopata kazi, swali la kwanza nyumbani huwa lile lile: "Mshahara kiasi gani?" Ni swali la haki, maana ada ya shule, chakula na kodi ya nyumba havingoji. Lakini ikiwa kazi yenyewe ni ya mafuta au gesi, sisi wauguzi tunaomba swali hilo litanguliwe na jingine: "Wamekufundisha nini kabla ya kukukabidhi kazi?" Katika ukurasa huu wa afya tunaeleza kwa nini, na jibu zuri linapaswa kuwa na mambo gani.

Pengine msomaji wa Ujiji atasema: "Hayo ni ya watu wa Mtwara na Songo Songo. Huku kwetu hatuchimbi mafuta." Ni kweli, hatuchimbi. Lakini kazi ya mafuta haiishii kisimani. Yupo mhudumu wa pampu, yupo dereva wa lori la mafuta na utingo wake, wapo mabaharia wa MT Sangara, meli ya mafuta ya Ziwa Tanganyika. Wapo vibarua wanaoviringisha mapipa mwaloni, mafundi wa injini za boti pale Kibirizi, na akina mama wanaopima mafuta ya taa dukani. Tena wapo vijana waliofuata kazi za bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 kati ya hizo zimo nchini mwetu, na bomba linapita mkoa jirani wa Tabora. Huko Sojo, wilayani Nzega, kiwanda cha kuyavika mabomba hayo koti la kutunza joto kilizinduliwa mwaka 2024.

Hao wote, aliye kambini na aliye mwaloni, wanashika kitu cha aina moja. Asiyefundishwa tabia zake huenda akazijifunza siku ya msiba.

MISIBA ILIYOTUFUNDISHA

Tarehe 2 Julai 2010, katika kijiji cha Sange, kati ya Bukavu na Uvira nchini Kongo, lori la mafuta lilipinduka. Mafuta yakamwagika, watu wakasogea, wengine wakaanza kuyachota. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 230 walipoteza maisha, wakiwemo waliokuwa kwenye banda la video karibu na hapo wakitazama Kombe la Dunia. Sange si mbali na ncha ya kaskazini ya ziwa letu, na familia nyingi za pwani hii zina ndugu upande ule.

Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, lori lilipinduka vivyo hivyo, na zaidi ya watu 100 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa zamu yetu: Msamvu, Morogoro. Lori lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka. Hapo pia tulizika zaidi ya watu 100.

Wengi wa marehemu hao hawakuwa wafanyakazi wa mafuta, ila majirani, wapita njia, vijana wa bodaboda. Kwa hiyo mafunzo ya usalama yasibaki kwa mwenye kofia ngumu peke yake. Yafike nyumbani, yafike na kwenye jumuiya.

SOMO LA KWANZA: KINACHOWAKA NI MVUKE

Watu wengi hudhani petroli huwaka pale tu moto unapoigusa. Sivyo. Petroli hutoa mvuke wakati wote, hata kwenye baridi kali kuliko yoyote tunayoijua sisi. Mvuke huo hauonekani, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa chini kama maji yanayotafuta bonde. Unaweza kusafiri hatua nyingi hadi kwenye jiko la mkaa au sigara, ukawaka hapo, kisha moto ukarudi mbio hadi kwenye dumu. Ukichanganyika na hewa, hata sehemu mbili tu za mvuke katika sehemu mia zinatosha kulipuka.

Kwa sababu hiyo mfanyakazi aliyefundishwa huzima injini kabla ya kujaza, haruhusu sigara wala simu mkononi, na huweka dumu chini ardhini wakati wa kulijaza badala ya kuliacha juu ya gari au pikipiki, ili cheche za umeme wa msuguano zisizaliwe. Mvuvi naye afanye hivyo hivyo. Petroli ikimwagika ndani ya boti, mvuke hutulia chini kwenye ngama. Usiwashe injini wala kibiriti mpaka umekausha na kupitisha hewa.

Na nyumbani je? Usitie mafuta ya taa katika dumu lililokuwa na petroli. Petroli kidogo tu iliyobaki humo inaweza kuifanya taa au jiko lililozoeleka lilipuke mikononi mwa mama au mtoto.

SOMO LA PILI: TENKI TUPU SI TUPU

Tenki la mafuta lililomwagwa lote linaweza kuua kuliko lililojaa. Ndani yake hubaki mvuke, na hewa safi huwa pungufu. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama sehemu 21 katika mia. Ikishuka chini ya 19 na nusu, mahali hapo huhesabiwa kuwa pa hatari. Ikishuka zaidi, mtu huzirai kabla ya kupiga kelele.

Hapo ndipo msiba wa pili huzaliwa. Mwenzake humwona amelala, humhurumia, naye huingia. Wa tatu hufuata. Uchunguzi wa Marekani wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliokufa katika nafasi zilizofungwa za namna hiyo walikuwa waokoaji. Huruma isiyo na mafunzo huongeza majeneza.

Kanuni ni hizi: hewa ipimwe kwa kifaa kabla ya kuingia, ipitishwe hewa safi, aliye ndani avae mkanda wenye kamba, na awepo mtu mlangoni asiyeondoka wala kuingia, kazi yake ikiwa kuangalia na kuita msaada. Akizirai wa ndani, avutwe kwa kamba. Asiye na kifaa cha kupumulia asiingie, hata kama aliye ndani ni ndugu yake wa damu.

Wanaochimba visima vya maji na mashimo ya vyoo wazingatie hayo hayo. Kushusha pampu ya petroli ndani ya kisima ni kukijaza moshi wenye sumu isiyo na harufu. Watu hufa humo wakidhaniwa wamerogwa.

SOMO LA TATU: PUA HAITOSHI

Baadhi ya mafuta ghafi na gesi asilia huwa na gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ikiwa kidogo, utaisikia. Ikiwa nyingi, huua uwezo wa pua kunusa, na mtu husema, "Harufu imekwisha, sasa ni salama." Kumbe hatari ndiyo imezidi. Ndiyo maana wafanyakazi wa visimani na mitamboni huvaa kifaa kidogo kifuani kinachopima gesi na kulia kwa sauti. Kikilia, hatua ya kwanza ni kuondoka, kuelekea upande upepo unakotoka. Maswali baadaye.

SOMO LA NNE: KUKABIDHIANA ZAMU

Sisi wauguzi tunalijua hili vizuri. Wa usiku asipomwambia wa asubuhi kwamba mgonjwa wa kitanda cha tano amekwisha kupewa dawa, anaweza kupewa mara mbili.

Katika bahari ya Uskoti, tarehe 6 Julai 1988, mtambo wa Piper Alpha uliungua na kuua watu 167. Mchana wa siku hiyo mafundi walikuwa wameondoa vali ya usalama ya pampu moja, wakaziba bomba kwa muda. Habari hiyo haikuwafikia vizuri watu wa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipozima, wakaiwasha ile ya kwanza, gesi ikavuja, moto ukawaka. Tena uchunguzi ulionyesha kwamba mazoezi ya kuondoka wakati wa hatari yalikuwa hafifu. Wengi walikusanyika kwenye vyumba vya kulala wakisubiri maelekezo, na moshi ukawakuta humo humo.

Tangu hapo kibali cha kazi cha maandishi na mazoezi ya kukimbia moto vimekuwa moyo wa mafunzo ya mafuta na gesi. Kijana wako akikwambia kwamba kambini "wanatusumbua na makaratasi na ving'ora", mwambie avumilie. Karatasi hiyo ni uhai wake.

TUNAYOYAONA WODINI

Wapo wanaoletwa kwa sababu ya kufyonza petroli kwa mpira mdomoni. Mafuta yakiingia kwenye mapafu, hata kijiko kimoja, huleta kikohozi, homa na kushindwa kupumua. Na watoto hunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Katika hali zote mbili, MSIMTAPISHE mgonjwa. Akitapika, mafuta hupita tena kooni na huweza kuingia mapafuni. Msimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, mmlete hospitali pamoja na chupa yenyewe, hata kama anaonekana mzima.

Wapo wenye mikono iliyopasuka na kuwasha kwa kunawia petroli au dizeli. Nawia maji na sabuni. Isitoshe, ndani ya petroli kuna kemikali iitwayo benzini, ambayo ikivutwa kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani ya damu. Anayeshinda kwenye pampu asimame upande upepo unakotoka, wala asiende kulala na nguo za kazi.

Na wapo walioungua. Hawa huja wamepakwa dawa ya meno, unga, asali, hata yai. Tafadhali acheni. Fanyeni hivi:

1. Mtu anayewaka asikimbie. Alale chini na kujiviringisha, au afunikwe kwa blanketi zito.
2. Mwondoeni penye hatari, vueni pete, saa na nguo. Iliyogandamana na ngozi iacheni.
3. Mwagieni sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Barafu hapana.
4. Funikeni kwa kitambaa safi. Malengelenge msiyatoboe. Mwili uliobaki upate joto.
5. Mleteni hospitali. Aliyeungua uso au aliyevuta moshi, sauti ikawa ya kukwaruza, aletwe mbio ingawa ngozi inaonekana nzuri.

Moto wa mafuta hauzimwi kwa ndoo ya maji, maana mafuta huelea na kusambaza moto. Tumieni mchanga, au mtungi wa kuzimia moto wa unga au povu. Namba ya Zimamoto ni 114.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe maelekezo, mafunzo na vifaa vya kujikinga, na wafanyakazi wapimwe afya. Wakala wa Serikali unaosimamia sheria hiyo ni OSHA. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015. Mchango wake hutolewa na mwajiri, si kukatwa kwenye mshahara. Aliyeumia kazini, au familia ya aliyefariki, isikae kimya kwa kuona haya. Tunza nakala ya mkataba, karatasi za hospitali na taarifa ya ajali.

Mfanyakazi naye ana wajibu. Buti na miwani vikiachwa chini ya kitanda havimkingi mtu.

MASWALI YA KUULIZA NYUMBANI

Baba, mama, kaka au dada, kabla kijana hajafunga begi kwenda kazini, kaeni naye mumwulize:

– Umefundishwa siku ngapi, na umefanya mazoezi kwa vitendo, au umetia sahihi tu?
– King'ora kikilia, unakimbilia wapi?
– Nani amekupima afya, na majibu unayo?
– Vifaa vya kujikinga umepewa, au umeambiwa ununue?
– Ukiambiwa uingie ndani ya tenki, nani atakuwa mlangoni?
– Ukiona hatari, unamwambia nani?

Akishindwa kujibu, msimzuie kazi, ila mtumeni arudi akaulize. Nyapara anayekasirika kwa swali kama hilo amekwisha kulijibu.

Na sisi tulio nyumbani tuwe na ahadi moja: lori la mafuta likipinduka, tunawakusanya watoto na kuondoka kuelekea upande upepo unakotoka, bila moto, bila simu, bila dumu. Anayetuita tukachote hatutakii mema, hata akiwa rafiki. Lita 20 za petroli zina bei yake kwenye pampu, na kila mtu anaijua. Maisha ya mtoto wako hayana pampu ya kuyapimia.