Ujerumani Mbili, Ubalozi Mmoja wa Unguja

Ukitoka Nuu ukashika njia ya Mwingi hadi Kitui, mbele kidogo unafika Mulango, ambako wamishonari wa Kilutheri kutoka Leipzig walikuwa na kituo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kama walivyokuwa nacho Ikutha, kusini zaidi. Kabla yao alipita Ludwig Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, ambaye tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui, akiwa mgeni wa Kivoi, kiongozi wa Wakamba. Kwa wenyeji hao wote walikuwa Wazungu wa aina moja. Mwaka 1945 makwao kulitenganishwa. Tübingen iliangukia mikononi mwa Wafaransa. Leipzig ilitekwa na Wamarekani mwezi Aprili, kisha Julai ikakabidhiwa Warusi, maana mipaka ya ukaliaji ilikuwa imeshachorwa London mwaka uliotangulia. Mtu wa Leipzig hakuhama hata chumba, lakini alijikuta amehamishiwa upande mwingine wa dunia.

Uhasama uliofuata unaeleweka upesi ukiufikiria kama kesi ya shamba la urithi. Washindi wanne waligawana Ujerumani, na Berlin pia wakaigawa ingawa ilikuwa katikati ya eneo la Warusi. Juni 1948 Warusi wakafunga njia za nchi kavu na za maji za kuingilia Berlin Magharibi. Wamarekani na Waingereza wakaulisha mji kwa ndege, safari zaidi ya 270,000, hadi chakula na makaa ya mawe yakashuka kutoka angani. Mwaka 1949 zikazaliwa dola mbili, Ujerumani Magharibi yenye makao Bonn na Ujerumani Mashariki yenye makao Berlin Mashariki, na Bonn ikashikilia kuwa mrithi halali ni mmoja tu, nayo ndiyo. Kuanzia 1955 iliifanya hoja hiyo kuwa sheria kwa mataifa mengine: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki ijue uhusiano wake na Bonn umo hatarini. Urusi ndiyo iliyoachiwa. Yugoslavia na Kuba zilionjeshwa adhabu hiyo.

Kesi hii ya Wajerumani ilifika mlangoni petu kupitia Zanzibar. Baada ya mapinduzi ya 12 Januari 1964, serikali ya Abeid Karume iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikafungua ubalozi Unguja. Kwa dola iliyokuwa ikibisha hodi Afrika nzima bila kufunguliwa, kisiwa hicho kilikuwa na thamani kubwa, na ililipa kwa vitu vinavyoonekana: wataalamu, misaada, na nyumba za ghorofa ambazo Unguja hadi leo wanazitaja kwa jina la Wajerumani. Lakini tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar iliungana na Tanganyika, ambayo ilikuwa na uhusiano mzuri na Bonn, hata wakufunzi wa Ujerumani Magharibi walikuwa wakisaidia kuanzisha kikosi chake cha anga. Nchi moja mpya, Tanzania, ikajikuta na Ujerumani mbili sebuleni, huku mmoja wa wageni akiapa kwamba hakai chumba kimoja na mwenzake.

Ni hapa ninapokataa kuumaliza mjadala kwa ile methali ya fahali wawili na nyasi. Methali ni ya kweli, ila inatufundisha kuyaona mataifa madogo kama kitu kisicho na akili. Karume hakuwa nyasi. Alijua mgeni wa Berlin Mashariki anamhitaji kuliko yeye anavyomhitaji mgeni, na alikataa kumfukuza hata Muungano ulipomtaka afanye hivyo. Rais Nyerere naye alitafuta njia ya katikati: Februari 1965 ubalozi wa Unguja ukashushwa hadhi, na Wajerumani Mashariki wakaruhusiwa ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila kutambuliwa kama dola. Bonn ikaondoa msaada wake wa kijeshi mara moja. Ilitarajia, nadhani, kwamba maskini atalegea akikosa. Badala yake Nyerere aliiambia ichukue na misaada yake mingine yote.

Atakuja mtu aseme kwamba hiyo ni fahari ya bure, maana fedha zilizokosekana zilikuwa za watu maskini, na kiburi cha rais hakilimi shamba. Hoja hiyo ina uzito, miradi ilisimama. Lakini Kanada ilijitokeza kufunza kikosi cha anga, na Bonn yenyewe ilibaki ikifikiria gharama ya kuadhibu kila asiyetii. Ukali unaomuumiza mpigaji pia hauwezi kudumu. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 1964 Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa Ujerumani Mashariki, alifika Unguja kushauri kuhusu idara ya usalama, na Wazanzibari waliokuja kunyamazishwa na idara hiyo hawakuulizwa kama wanataka majengo yale kwa bei hiyo. Kucheza na wakubwa kulimpa mtawala nafasi. Raia alipata ghorofa pamoja na jasusi, na sioni njia ya kuhesabu kimoja bila kingine. Kenya nayo haikubaki nje: Tom Mboya alipeleka vijana 81 Marekani kwa ndege mwaka 1959, Oginga Odinga akatuma wengine nchi za mashariki, na wote waliporudi walijikuta wanatazamana kwa jicho la shaka serikalini.

Mwisho wa mwaka 1972, Bonn na Berlin Mashariki zikatia saini mkataba wa kutambuana, na Septemba 1973 zote mbili zikakaa Umoja wa Mataifa. Tanzania ikaanzisha uhusiano kamili na Berlin Mashariki bila kelele yoyote kutoka Bonn. Kosa lililoigharimu misaada mwaka 1965 lilikuwa la kuwahi miaka saba.