Jiwe Bondeni na Jibu la Uongo

Wazazi wengi wa huku kwetu, watazamapo daftari ya mtoto wao wa shule ya sekondari na kuiona herufi x imekaa juu ya mstari, namba nyingine chini yake, na yote mawili yamefunikwa kwa alama iliyo mfano wa paa la nyumba, hutikisa kichwa na kuuliza: «Jambo hili litamlisha nani?» Swali hilo si la kipumbavu. Karo ya shule hutoka katika mihogo, maharagwe na maziwa; na katika milima ya Uvira, Fizi na Mwenga, ambako vita tangu mwaka 2017 vimewahamisha watu wengi, mtoto aliyekosa masomo miezi kadha hurudi darasani na kukuta wenzake wamekwisha vuka mto. Kwa hiyo tumeona vema kulieleza jambo hili polepole, ili mzazi alifahamu kidogo, na mwanafunzi asianguke pale wanapoanguka wengi.

Kwanza, tusiseme kwamba aljebra ni hesabu ya Wazungu. Neno lenyewe ni la Kiarabu, al-jabr, nalo lilitoka katika jina la kitabu alichokiandika Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad karibu na mwaka 820. Maana yake ni kurudisha kitu mahali pake; Waarabu walilitumia pia kwa kazi ya kuunga mfupa uliovunjika. Alama √ ya kipeuo, ambayo walimu wetu huiita rasini kwa kufuata Kifaransa, ilichapwa na Mjerumani Christoff Rudolff mwaka 1525. Alama = ilitungwa na Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557. Hivyo kila taifa lilileta kuni zake motoni.

Sasa tuingie njiani. Mama mmoja amekwenda sokoni katika bonde la Ruzizi, naye anapanda kurudi nyumbani Mulenge. Tuseme njia yake ni kilometa 12. Akishuka, huenda kilometa 1 zaidi kwa kila saa kuliko akipanda. Na kupanda humchukua saa 1 zaidi kuliko kushuka. Je, hupanda kwa mwendo gani? Mwendo wa kupanda tuuite x. Saa za kupanda ni 12/x, saa za kushuka ni 12/(x + 1), na tofauti yake ni 1:

12/x − 12/(x + 1) = 1

Sehemu hutusumbua kwa sababu ya namba za chini. Basi tuzidishe kila kipande, hata ile 1 ya upande wa pili ambayo wanafunzi huisahau, kwa x(x + 1). Tutapata 12(x + 1) − 12x = x(x + 1), yaani x² + x = 12. Majibu ni 3 na −4. Mama hupanda kilometa 3 kwa saa: saa 4 kwenda juu, saa 3 kushuka. Na ile −4? Mkiiweka katika mlinganyo mtaona kwamba inakubali kabisa. Lakini hakuna mtu apandaye mlima kwa mwendo ulio chini ya sifuri. Jibu hilo ni kweli kwa herufi, si kweli kwa mama.

Wengine, wakisikia hayo, hufanya haraka na kusema kwamba kila jibu lenye alama ya kutoa litupwe. La! Tazameni x²/(x − 3) = 9/(x − 3). Namba za chini zikiondoka, x² ni 9, na x ni 3 au −3. Hapa 3, iliyo nzuri kwa macho, ndiyo ya kutupwa, kwa kuwa inaifanya namba ya chini kuwa sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna maana. −3 ndiyo ya kweli. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mwanafunzi na aandike pembeni: x isiwe 3. Ni kazi ya nukta moja tu.

Tumefika kwenye jambo kubwa zaidi, yaani kipeuo na sehemu pamoja. Vijito vitokavyo milimani kwenda Ruzizi na ziwani vimechimba makorongo yenye kuta za mawe. Kijana amesimama ukingoni, anataka kujua kina cha korongo bila kamba. Anaachilia jiwe (baada ya kuhakikisha kwamba hakuna mtu wala ng'ombe chini, tafadhali), naye anahesabu muda mpaka asikie kishindo. Tuseme ni sekunde 4 na robo.

Kitu kikianguka kwa sekunde t hushuka meta 5t², kwa hesabu ya karibu. Wenye kutaka usahihi hutia 4.9 mahali pa 5. Hivyo jiwe hutumia sekunde √(h/5) kushuka kina h. Kisha sauti hupanda meta 340 kwa sekunde, nayo hutumia h/340. Jumla yake:

√(h/5) + h/340 = 4.25

Huu ndio mlinganyo unaowatisha wengi. Wengine huisahau sauti, wakasema 5 mara 4.25 mara 4.25, yaani meta 90 na kidogo. Wamezidisha karibu meta 10! Njia iliyo rahisi ni kuupa muda wa kuanguka jina lake: x = √(h/5). Hapo h ni 5x², na paa la nyumba limeondoka. Mlinganyo unakuwa x + x²/68 = 4.25; tukizidisha kwa 68, x² + 68x = 289. Majibu ni −34 + 17√5, karibu 4.01, na −34 − 17√5, karibu −72.01. Jiwe halikuanguka kwa sekunde zilizo chini ya sifuri, basi x ni 4.01, na kina ni 5x², karibu meta 80 na nusu. Aliyetia 4.9 atapata pungufu kwa meta moja na nusu hivi.

Lakini mwanafunzi aliyeuacha kipeuo peke yake upande mmoja na kuzidisha kila upande kwa nafsi yake, kama vitabu vingi vinavyofundisha, atapata majibu mawili ya h, nayo yote yako juu ya sifuri: meta 80 na nusu, na karibu meta 25,930. Kilimanjaro wenyewe una meta 5,895! Jibu hilo lilitoka wapi? Liwekeni katika mlinganyo wa kwanza: kipeuo ni 72.01, sehemu ni 76.26, jumla yake zaidi ya 148. Lakini 76.26 kutoa 72.01 ni 4.25 kamili. Basi ni jibu la mlinganyo mwingine, ule wenye alama ya kutoa mbele ya kipeuo. Tulipozidisha, 7 na −7 zote zikawa 49. Alama ikapotea, na mgeni akaingia nyumbani kwa mlango tulioufungua sisi wenyewe.

Korongo lingeweza kumkanusha mgeni huyo, kwa maana kila mtu anaona kwamba halina kina cha kilometa 26. Karatasi ya mtihani haina korongo. Katika mtihani wa Serikali, ambao nchi yetu imekuwa nao tangu mwaka 1967, mtahiniwa huchagua jibu moja kati ya kadha yaliyoandikwa. Na mtunzi wa maswali aijuaye kazi yake atamweka mgeni huyo katika orodha, amevaa vizuri. Kijana aliyefanya hesabu yote bila kosa, ila hakurudi kwenye mstari wa kwanza, atamwona pale na kumfurahia. Kwa maoni yetu walimu hutumia muda mrefu mno kufundisha kuzidisha, na muda mfupi mno kufundisha kurudi.

Nanyi wazazi msiojua aljebra, mnaweza kusaidia. Mwambieni mtoto aweke jibu lake mahali pa x, ahesabu kwa sauti upande wa kushoto, kisha upande wa kuume. Pande mbili zikitofautiana, mtasikia ninyi wenyewe.

Kwa jioni ya leo: jiwe limeachiliwa katika korongo jingine, na kishindo kimesikika baada ya sekunde 6 na 9/17. Atakayeleta meta 180 amefika. Atakayeleta meta 27,380 na aanze kwa kuliweka jibu lake chini ya kipeuo.